Kitabu cha Risiti Chenye Jina Langu

Jambo lote lilinigharimu shilingi laki mbili, elfu tatu, mia saba na hamsini. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza jumla ilikuja ndogo nikafurahi, kisha nikakumbuka kwamba nilikuwa nimemsahau mbuzi.

Mimi nauza nafaka Migori mjini: mahindi, maharagwe, mtama, na njugu zikipatikana. Kazi yangu ni gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili ambao kila mteja anaamini umebonyezwa kitako. Wangu haujabonyezwa. Lakini nimezoea kushukiwa, na nadhani ndiyo sababu shangazi alinichagua. Alisema mtu anayeshukiwa kila siku na bado ana wateja lazima awe mwaminifu au awe hodari, na yeye alikuwa tayari kufaidika na lolote kati ya hayo mawili.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba. Aliolewa Mbita, akawa mkunga maisha yake yote, akafiwa na mume, na pesa zake za kustaafu akazijengea vyumba kumi na viwili vya kupangisha Homa Bay mjini. Ana mtoto mmoja tu, binti ambaye siku ya kuzaliwa alichelewa kulia. Mkunga aliyepokea watoto wa watu wakiwa wazima wazima, wake mwenyewe akaja na shida. Miguu haikushika. Mikono hushika ikipenda. Maneno yake ni machache na kila moja limetolewa jasho. Sasa ana miaka arobaini na kitu, na lazima mtu amwogeshe, amvishe, amgeuze kitandani. Mama anayefanya kazi hiyo hulipwa elfu kumi na mbili kwa mwezi, na elfu kumi na mbili hizo hutoka kwenye vile vyumba. Vyumba vikiondoka, huyo mama anaondoka. Huyo mama akiondoka, binamu yangu hana wa kumwamsha.

Kwa hiyo shangazi alikwenda kwa wakili akaiweka ploti katika amana. Wakili alinieleza mara mbili kwa sababu niliomba mara mbili: ploti si ya shangazi tena, ni ya amana. Shangazi ni mdhamini, yaani mshikaji tu, na anaishika kwa faida ya binti yake. Siku shangazi atakapokufa au kushindwa, mdhamini wa kumfuata ni mimi. Na kushindwa, hati ilisema, kutathibitishwa kwa barua za madaktari wawili, wa miji miwili tofauti.

“Kwa nini wawili?” nilimuuliza siku ile ofisini.

“Kwa sababu wewe ni mfanyabiashara,” akasema mbele ya wakili, bila hata kupunguza sauti. “Daktari mmoja unaweza kumnunulia soda. Wawili, tena miji tofauti, utaona nauli ni nyingi uache.”

Wakili alicheka. Mimi nilihesabu nauli.

Miaka ikapita. Mwaka huu nikaanza kusikia vitu. Mpangaji wa chumba cha tatu alilipa kodi ya mwezi mmoja mara mbili, kwa sababu shangazi alirudi kudai na hakuna anayebishana na mkunga aliyemshika kabla mama yake hajamshika. Mpangaji wa chumba cha nane alikaa miezi minne bila kuulizwa, naye hakuona haja ya kujitangaza. Nikamshawishi shangazi twende hospitali Homa Bay kupima presha. Presha ilipimwa, sitadanganya. Lakini nilikuwa nimeomba daktari amuulize na maswali mengine: leo ni siku gani, toa saba kwenye mia, taja vitu vitatu nilivyokutajia. Alivitaja viwili. Daktari akaandika barua.

Shangazi aliiona ile barua mkobani mwangu wakati natafuta nauli ya kurudi. Akaisoma yote, amesimama kando ya barabara, miwani kwenye ncha ya pua.

“Kumbe umenipima kwa gorogoro, nyathina,” akasema. Hivyo ndivyo anavyoniita, mtoto wangu. “Ukakuta nimepungua.”

Kwenda kwa daktari wa pili, wa Migori, alikataa kabisa. Na bila wa pili, ile barua ya kwanza ilikuwa karatasi ya kufungia njugu.

Nilidhani nina muda. Halafu Jumanne moja asubuhi, nikiwa napepeta maharagwe, yule mama anayemtunza binamu yangu akapiga simu. Alikuwa anaongea chini chini.

“Mama ameuza.”

“Ameuza nini?”

“Vyumba. Shemeji yake amemleta mtu wa duka la mabati. Wameshatoa laki moja na nusu. Wanasaini Jumanne ijayo. Na mimi, dada, sijalipwa miezi miwili, sijui kama unajua.”

Sikujua. Nilimpigia wakili. Akaniambia kwamba mpaka barua ya pili ipatikane, mdhamini ni shangazi, na mdhamini akisaini, kuirudisha hiyo ploti ni kesi ya miaka. “Pata barua,” akasema. “Una wiki moja.” Kisha akanitajia ada yake. Nilimshusha kutoka elfu arobaini hadi ishirini na tano, lakini sauti yangu ilikuwa inatetemeka, na nadhani alipunguza kwa huruma. Sipendi kupunguziwa kwa huruma. Hujui kama umefika chini kabisa.

Hapa ndipo nilifanya kosa langu.

Nilijiambia kwamba wakati nambembeleza shangazi aende kwa daktari wa pili, kodi ya mwezi isipotee. Nikachapisha kitabu cha risiti chenye jina langu, nikaenda Homa Bay Alhamisi, mlango kwa mlango. Niliwaambia wapangaji maneno machache ya ukweli: kuanzia sasa kodi ni kwangu. Wakakitazama kitabu, wakalitazama jina, wakanyamaza. Nikaona heshima. Kila mmoja alinipa kodi yake na shilingi mia mbili juu. Walikuwa kumi na mmoja, wa kumi na mbili amesafiri. Niliporudi stendi nilihesabu mara mbili, nikapata elfu mbili na mia mbili zilizozidi. Nikaziandika: *deni la maji.*

Mtu wa kwetu yeyote angeniambia, kama ningeuliza. Kwetu jina kwenye kitabu cha kodi halibadiliki mwenyewe akiwa hai. Baba hata akiwa hajui asubuhi na jioni, risiti zinaandikwa kwa jina lake, na mtoto anasaini pembeni kama karani. Jina likibadilika, watu wanajua mazishi yamepita au yanakuja. Zile mia mbili mbili zilikuwa rambirambi. Mimi ninayejigamba kuhesabu kila kitu mara mbili nilihesabu pesa mara mbili na sikuuliza hata mara moja ni za nini.

Jumamosi nilikwenda Mbita kumwangukia shangazi magotini. Saa nne asubuhi tulikuwa barazani. Yeye anachambua mchele, binamu yangu kwenye kiti chake cha magurudumu, mimi natafuta maneno. Zilikuwa zimebaki siku tatu.

Tukasikia nduru barabarani. Nduru ni kile kilio cha kwetu cha kutangaza msiba, mtu anakitoa akikimbia.

“Nani huyo amefiwa?” akauliza shangazi, akaweka sinia chini.

Mwanamke wa kwanza aliingia langoni leso imefungwa kiunoni, mikono kichwani. “Yawa, mkunga wetu! Nani atatushikia watoto! Mkunga wetu ametu...” Akamwona. Sauti ikakatika kama redio iliyokatiwa stima.

“Endelea,” shangazi akamwambia. “Ulikuwa unalia vizuri. Nani amekufa?”

“Ni wewe, mama.”

“Mimi? Na mbona sijaambiwa?”

Nyuma yake walikuwa wengine kama thelathini. Wanawake wa kanisa. Wapangaji sita kutoka Homa Bay. Jamaa wa upande wa Muhuru Bay walioleta gunia la omena, dagaa wa ziwani, kwa ajili ya wageni. Mwenye duka la mabati naye alikuwepo, kofia mkononi, na kilo kumi za sukari. Alikuja kutoa pole kwa msiba wa mtu aliyetaka kumuuzia ploti, na kwa hilo sina neno baya juu yake. Wa mwisho kuingia alikuwa yule shemeji wa shangazi, mdogo wa marehemu mumewe, mzee aliyeendesha malori ya miwa Awendo mpaka mgongo ukakataa. Yeye alikuja na hema la kukodi, na wenye hema walikuwa tayari wanalishusha.

Ilichukua dakika kumi kueleweka ni nani ameua nani. Mpangaji wa chumba cha tatu ndiye alitoa risiti mfukoni.

“Madam alikuja na kitabu kipya,” akasema, ananiangalia kwa aibu. “Tukajua tu.”

Mzee wa Awendo akaichukua ile risiti akaiinua juu kama refa. “Si nilisema? Nilisema mtoto wa kaka yake ni mtu wa nje. Mali ya nyumba hii ya ndugu yangu, inashikwa na muuza mahindi wa Migori! Mtu hajafa, ameshaandika jina!”

“Vyumba alijenga kwa pesa yake ya ukunga,” nikasema.

“Na wewe ulimsaidia kuchimba msingi?”

Watu walicheka. Msingi ukichimbwa mimi nilikuwa darasa la sita. Lakini nilikuwa simwangalii yeye. Shangazi alikuwa ameishika risiti, miwani kwenye ncha ya pua, vilevile kama siku ya barua.

“Umenizika, nyathina,” akasema polepole. “Na jeneza hata hujanunua. Ulikuwa unangoja bei ishuke?”

Wakacheka zaidi. Nilijua nimepoteza. Baada ya hili hangekanyaga kwa daktari yeyote wa mji wowote, na Jumanne angesaini, tena kwa furaha, ili kunionyesha. Niligeuka kwa binamu yangu kwenye kiti chake nikashindwa kumtazama.

Lakini kilio kikishaletwa nyumbani hakirudishwi kikiwa na njaa. Nilituma watu dukani: majani ya chai, mkate, maziwa. Sukari ilikuwepo. Omena zikaingia kwenye sufuria. Wakakaa chini ya hema, kwa kuwa hema lilikuwa limeshalipiwa nusu. Shangazi akakaa katikati yao, anachangamka, anauliza habari za watoto aliowazalisha. Akanywa chai nusu kikombe. Halafu akainua macho, akaona hema, akaona leso viunoni.

“Kwani watu wote hawa,” akauliza, “nani amekufa?”

Wakaangua kicheko. Walidhani ni utani uleule, umerudishwa kwa kuwa ulipendwa.

“Hakuna, Mama,” binamu yangu akasema kutoka kwenye kiti chake. “Kunywa chai.”

Akanywa. Mazungumzo yakaendelea. Baadaye mwenye duka la mabati alisogea kuaga, akainama kumpa mkono. Shangazi akaushika kwa mikono miwili, na uso wake ukabadilika, ukawa uso wa msibani.

“Asante kwa kuja,” akamwambia. “Ni nani tuliyempoteza?”

Safari hii hakuna aliyecheka. Yule bwana alibaki ameinama. Mzee wa Awendo aliacha kutafuna.

“Hakuna, Mama. Kunywa chai.”

Maneno yaleyale. Sauti ileile, pumzi kidogo katikati, palepale. Nimesema maneno ya binamu yangu hutolewa jasho. Haya manne hayakuwa na jasho. Yalikuwa yamelainika kwa kutumiwa, kama mpini wa jembe. Nikaelewa kwamba mwenye kuhesabu katika nyumba ile hakuwa mimi. Tangu lini alikuwa anamshikilia mama yake hivi, siku nzima, peke yake, yeye ambaye sisi sote tulikuwa tunapigania nani atamshika?

Shangazi naye alisikia. Aligeuka akamtazama binti yake mdomoni, kama mtu anayejaribu kukumbuka wimbo.

“Umeniambia hivyo mara ngapi?”

Binamu yangu alilitoa jibu kwa jasho.

“Nyingi.”

Shangazi alikiweka kikombe chini taratibu sana, akapangusa mikono kwenye sketi, kama mkunga aliyemaliza kazi. Kisha akaniita mbele ya watu wote.

“Huyo daktari wako wa Migori. Yeye anapima na nini?”

“Na maswali, shangazi.”

“Jumatatu yupo?”

“Yupo.”

“Lete hicho kitabu chako.”

Nikakileta. Alikichukua akakifungua ukurasa mpya, akaandika kwa mwandiko wake ule wa kadi za kliniki: *Jumatatu nitakwenda kwa daktari Migori. Nimekubali mwenyewe.* Akasaini. Akaichana karatasi hiyo akanipa.

“Iweke vizuri,” akasema, “maana nitakataa. Nikikataa, nionyeshe.”

Jumatatu alikataa. Aliniita mwizi, akaniita fisi, akasema baba yangu angekuwa hai angenikana. Nilimpa karatasi. Aliisoma mara mbili, hata mimi nikajiona ndani yake. Halafu akaenda kutafuta viatu.

Barua ya pili ilitoka siku hiyohiyo. Jumanne, ofisini kwa wakili wa mnunuzi, nilikaa upande wa meza ambao shangazi angekaa, nikasema amana haiuzi. Mzee wa Awendo alikuwa na lake la kusema, na alilisema lote. Mwenye duka la mabati alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema yeye alikuwa msibani Jumamosi na haya hana haja ya kuelezwa. Alitaka laki yake moja na nusu tu. Riba hakutaka.

Alikuwa na risiti, mwandiko wa kadi za kliniki. Pesa ndizo hazikuwepo. Shangazi alikumbuka kuzipokea. Alikumbuka kuzificha vizuri. Tulitafuta kwenye magunia, chini ya magodoro, ndani ya mkoba wake wa zamani wa ukunga, kwenye Biblia, kwenye banda la kuku. Mpaka leo hazijaonekana. Nikalipa mimi, kwa mtaji niliokuwa nimeuweka wa kununua mahindi ya msimu, na msimu huo niliwaangalia wenzangu wakinunua.

Kisha mbuzi. Mzee wa Awendo alisema mtu akililiwa akiwa hai, lazima damu imwagike ili kilio kirudi kilikotoka. Nilimuuliza kama kilio hakikubali kuku. Akasema hakikubali. Mbuzi alikuwa wa elfu kumi na nne, nikamfikisha elfu tisa, na kichwa alikila yeye mzee.

Zile elfu mbili na mia mbili nilijaribu kuzirudisha. Nilipita tena mlango kwa mlango nikaomba radhi. Wapangaji walikataa kuzipokea. “Kaa nazo, madam,” mpangaji wa chumba cha tatu akasema. “Siku moja zitahitajika.” Ziko kwenye bahasha. Sijui niziandike nini, kwa hiyo nimeandika tarehe tu.

Sasa ni mimi ninayeshika. Kitabu cha risiti nimekichapisha upya kwa jina la amana, watu wakatulia. Yule mama amelipwa miezi yake miwili na hajaondoka. Kila mwisho wa mwezi nakwenda Mbita, nakaa kati ya shangazi na binti yake, na swali likija tunapokezana kulijibu. Binamu yangu amenifundisha palipo pumzi.

Lakini kuna hili, na ndilo limenifanya niandike. Hati inasema mdhamini anaweza kurudishiwa alichotumia kwa ajili ya amana. Wakili anasema niandike ombi, kisha mimi mwenyewe niliidhinishe. Yaani niombe kama mdai na nisaini kama mlipaji. Nimezoea kupatana bei na watu wabaya, lakini sijawahi kupatana na mimi. Laki mbili, elfu tatu, mia saba na hamsini, ukigawanya kwa elfu kumi na mbili, ni mshahara wa karibu miezi kumi na saba wa mtu anayemwamsha binamu yangu. Nikizichukua zote, vyumba haviwezi. Nisipozichukua, duka langu haliwezi, na mdhamini aliyefilisika naye hana faida kwa amana. Juzi shangazi aliniuliza ghafla, macho makavu kabisa, kama nimelipwa. Nikasema, “Hakuna deni, shangazi. Kunywa chai.”

Sasa nakuuliza wewe uliyewahi kushika cha mwenzako aliye hai: ulijilipa? Ulianza lini, na kwa kiasi gani kila mwezi, na mbele ya shahidi gani? Na ile laki na nusu, ikipatikana siku moja kwenye gunia la mtama, ni ya nani kwanza? Niambie bei yako ya mwisho. Mbuzi naweza kumsamehe.